Siku Mvua Ilipotupima Nguvu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kulisahau jina langu naamini nitaikumbuka. Ilikuwa masika, asubuhi, watu ndiyo kwanza wamemaliza chai, na mlima wetu Meru ulikuwa umejifunika mawingu asiuone mtu. Nilikuwa msichana mbichi, sijaolewa, nina miguu ya kupanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani huku naimba. Usicheke. Magoti haya unayoyasikia yakilia nikikaa, zamani yalikuwa na adabu zake.

Nakusimulia leo kwa sababu wamekuchagua kuwa mwenyekiti wa mfereji, nami nimefurahi mpaka machozi yamenitoka. Ulipotoka mkutanoni ulipita hapa kifua mbele, ukaniambia, "Bibi, sasa mwenye nguvu mpishe!" Nikacheka nawe, nikakupa maziwa ukanywa. Ulipoondoka nikabaki nalifikiria neno lako. Methali ni ya kweli, wazee hawakusema uongo, ila haikutaja ni nguvu ipi. Nguvu ziko nyingi, mwanangu. Mimi nilibahatika kuziona karibu zote asubuhi moja, zimesimama kwenye ukingo wa kihamba kimoja, shamba la nyumbani, zinanyeshewa.

Kwanza nikukumbushe mahali. Mfereji wetu unaujua: unatoka mtoni kule juu kwenye banio, pale maji yanapokingwa, unaambaa na mteremko, unapita juu ya kihamba cha marehemu Mzee Elirehema, kisha unapinda juu ya lile bonde walikojenga watu wengi. Katika bonde hilo ndiko alikoolewa dada yangu Anna, bibi yako mzaa mama, Mungu ampumzishe. Siku hiyo Anna alikuwa mzazi. Alikuwa amejifungua juma lile lile, yuko ndani analishwa mtori kama desturi, na mumewe yuko mjini, Sokon One, kwenye kazi za ujenzi. Kichanga alichokuwa nacho kifuani, ambacho hata jina kilikuwa hakijapewa, ndiye mama yako. Kwa hiyo nikisema bonde lilikuwa hatarini, ujue nakusema na wewe, ingawa hukuwa umefikiriwa na mtu.

Mvua ilianza kwa mawe. Bati zilipiga kelele hata tukawa tunasemezana kwa mikono. Kisha mawe yakaacha, yakaja maji yenyewe, si matone, ni maji yanayomwagwa. Radi ilipasua mti wa mringaringa wa jirani yetu katikati, nusu ikaangukia huku na nusu kule, na mbuzi wetu wakakimbilia jikoni kwa mama bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa najisifu kwamba siogopi kitu, lakini siku hiyo niliogopa na sioni haya kusema. Mvua ya namna ile haina balozi wala mjumbe utakayemtuma akaongee nayo. Hiyo ndiyo nguvu ya kwanza niliyoiona, nayo ni ya Mungu peke yake, hapo hatuna la kuongeza.

Mara tukasikia pembe ya mfereji. Siku hizi mnaitana kwa simu, na msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, mnautangaza humo humo, vizuri tu. Zamani ilikuwa pembe. Ikilia mara moja ni kazi ya pamoja, kila nyumba itoe mtu na jembe. Ikilia mfululizo ni hatari. Ile ililia bila kupumua.

Tulitoka wote. Kaka yangu Anaeli alikuwa mbele na panga, mimi nyuma yake na beleshi, na mama yetu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Anaeli, alifuata na shuka lake limelowa chapachapa. Baba alikuwa ameshatangulia mbele za haki zamani. Kule kwenye banio tulikuta jambo ambalo hata wazee walikuwa hawajaliona. Gogo kubwa lilikuwa limeletwa na maji kutoka msituni, likajikita mtoni kwa kukingama, na mto mzima ukaacha njia yake ukaingia kwenye mfereji wetu. Wanaume walifunga kamba wakavuta, kamba zikakatika. Wakashikana mikono wajaribu kuliinua, mmoja nusura achukuliwe, wakaacha. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakishuka mferejini yanaviringisha mawe makubwa, na kila mtu alijua yanakwenda wapi. Yalikuwa yanakwenda kwenye ile kona juu ya bonde.

Tulikimbilia konani. Ukingo ulikuwa umeshaanza kulegea, udongo unamung'unyuka vipande vipande. Chini, bondeni, tuliona nyumba zote na watu wanahaha, kwa maana kivuko cha magogo cha kutokea upande wetu kilikuwa kimeshasombwa, na nyuma yao ni ukuta wa kilima. Nilimwona Anna. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amemkumbatia ndani ya kitenge, anatuangalia huku juu. Hakupiga kelele. Alituangalia tu.

Dawa ilikuwepo, na kila mtu aliijua. Ndani ya kihamba cha Mzee Elirehema kulikuwa na korongo la zamani linaloteremka moja kwa moja mpaka mtoni. Tukibomoa ukingo wa mfereji pale, maji yote yangerudi mtoni kwa korongo lile na kona ingepona. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kwa watu wengi wenye majembe. Ila lile korongo Mzee Elirehema alikuwa amelitengeneza matuta akalipanda kahawa, yeye na mkewe, na mkewe alikuwa ameshafariki. Mibuni ile alikuwa haruhusu mtu aichume isipokuwa yeye mwenyewe kwa mkono wake. Na juu ya hayo, Mzee Elirehema na nyumba yetu tulikuwa hatusalimiani.

Nikueleze kwa nini, maana hapo ndipo kisa kilipo. Kiangazi kilichotangulia masika yale, maji ya mfereji yalikuwa yanapungua bila sababu. Jumapili moja baada ya ibada, watu wamesimama nje ya kanisa, Anaeli kaka yangu alimnyooshea kidole mzee yule mbele ya watoto na wajukuu zake, akamwita mwizi wa maji.  Mzee alivaa kofia yake akaenda nyumbani, na baadaye akatuma neno kwamba mguu wa mtu wa nyumba yetu usikanyage kihamba chake. Juma lililofuata mwizi akaonekana. Alikuwa fuko, mwanangu! Fuko la ardhini lilikuwa limechimba tundu chini ya ukingo, maji yakawa yanapotelea huko. Kijiji kizima kilicheka. Lakini hakuna aliyekwenda kumwambia mzee, "Tulikusingizia." Kila mtu alisema, "Si ameshajua mwenyewe?" Ulimi ukishauma mtu, jeraha lake halifungwi kwa kunyamaza.

Basi tulifika kwenye kihamba chake watu wote, kelele juu ya kelele. Mzee Elirehema alikuwa amesimama ndani ya uzio wake wa masale, kofia kichwani, koti zito, fimbo mkononi, na wanawe wawili wenye mapanga wako pembeni yake. Alikuwa amesimama kama aliyetutarajia.

Aliyetangulia kusema ni mtendaji wa kijiji. Alikuwa mtu wa kuja, mchapakazi, simsemi vibaya, ila alikuwa na sauti iliyozoea kutiiwa na watu wengine. Alikuwa na mgambo wake wawili na buti za mpira mpaka magotini. Akasema, "Mzee, kwa mamlaka niliyopewa na serikali nakuamuru ufungue njia sasa hivi!"

"Serikali naiheshimu," mzee akajibu polepole. "Ila serikali ninayoijua mimi huwa inasalimia."

Mtendaji akapandisha sauti. Akataja sheria, akataja mahakama, akataja polisi wa Tengeru ambao, kwa barabara ya siku ile, wasingefika hata kesho. Mwishowe akawaambia mgambo waingie kwa nguvu. Vijana wale walikuwa wa hapa hapa, mmoja anamwita mzee yule baba mdogo. Walitazama miguu yao kama wanahesabu vidole. Ndipo nikaona kwamba amri nayo ni nguvu, na nchi haiendi bila amri, lakini inahitaji mikono ya watu, na mikono ile ikigoma amri inabaki sauti tu kwenye mvua.

Anaeli hakuweza kungoja tena. Alikuwa kijana mwenye nguvu kuliko wote kijijini, mtu wa kubeba magunia mawili mtu mwingine akibeba moja. Akapaza sauti, "Dawa ya moto ni moto!" Na kabla mtu hajamshika akapiga panga kwenye uzio. Masale mawili, matatu yakaanguka chini.

 Hata mimi niliyekuwa nampigia kelele za "mpige, mpige" nilijikuta nimejiziba mdomo kwa mkono.

Wewe umekua ukiliona sale kama mmea wa kupamba geti. Kwetu sale ndilo mpaka wa kihamba, na aliyeling'oa au kulikata amemtukana mwenye shamba na marehemu wake wote waliolala humo. Na jani hilo hilo ndilo la kuombea msamaha. Aliyekosa hulifunga fundo, akamwendea aliyemkosea, mikononi hana kitu kingine, akataja kosa lake kwa jina bila kulipunguza. Akilileta hivyo hafukuzwi. Mzee atakayelikataa sale lililoletwa kwa haki, wazee wenzake hawatakunywa naye tena.

Sasa wana wa Mzee Elirehema waliinua mapanga, na vijana wa upande wetu wakainua yao. Mwanangu, mvua ilikuwa inanyesha, mto unakuja, dada yangu yuko bondeni na kichanga, na sisi tulikuwa tunakaribia kuuana kwenye uzio. Nguvu ya mikono tulikuwa nayo tele. Ilikuwa inatosha kabisa kumwaga damu, na haikutosha kufukua hata beleshi moja la udongo.

Hapo ndipo mama yetu alipopita katikati ya watu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mimi nilishampita kimo zamani. Hakupiga yowe. Alisimama mbele ya Anaeli, mvua ikimchuruzika usoni, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi:

"Anaeli, umebeba panga kwenda kuomba?"

"Mama, maji yanakwenda kwa Anna!"

"Ndiyo maana nakuuliza haraka," mama akasema. "Yule bondeni nimemzaa mimi, hunipiti kwa uchungu. Fuko lilipoonekana, ulikwenda kwa mzee huyu ukasema?"

 Mama akainama, akaokota sale moja katika yale aliyoyakata, akalifuta matope kwa shuka lake, akalifunga fundo. Akamwekea mkononi. "Hili umelikata mwenyewe, basi libebe mwenyewe. Mimi siwezi kukubebea, kinywa kilichotukana hakikuwa changu."

Kisha akanigeukia mimi, nami nikadhani nitasifiwa. "Na wewe, weka hilo beleshi chini. Tutalihitaji tukishaongea."

Niliona taya za Anaeli zikicheza. Ilikuwa rahisi kwake kupigana na watu watatu kuliko kufungua mkono ule. Lakini aliufungua, na panga likaanguka kwenye tope. Akataka kupita pale pale alipokata uzio, mama akamshika bega akamgeuza. "Si hapo. Pita mlangoni kama mgeni."

Basi akazunguka, tukamfuata wote kimya, mpaka langoni. Akafika mbele ya mzee, akalishika sale kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, mzee."

Mzee Elirehema hakuitikia. Ngurumo ilipita, tukaisubiri iishe.

"Mzee, nilikuita mwizi wa maji mbele ya watu," Anaeli akasema. "Hukuiba. Lilikuwa fuko. Nimelijua hilo muda wote na nikaona aibu kuja. Na leo nimekata sale lako. Nimekukosea mara mbili. Dada yangu yuko bondeni na mtoto mchanga, na mimi sina nguvu ya kumtoa. Wewe unayo."

 Nakumbuka maji yakishuka kwenye ukingo wa kofia ya mzee kama pazia, na nyuma ya pazia hilo macho yake. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea sale, akalichomeka kwenye utepe wa kofia yake.

"Marahaba," akasema.

Mwanangu, nimesikia kwaya kubwa, nimesikia vigelegele vya harusi za kila aina, lakini sijasikia neno tamu kama marahaba ile. Kuna wanawake walilia.

"Mlidhani nataka mtoto wa Anna afe?" mzee akatuambia, safari hii kwa ukali. "Tangu pembe ilipoanza kulia nimesimama hapa namngoja mtu mmoja aje aniombe. Mmoja tu! Mmekuja kijiji kizima na hakuna hata shikamoo. Kitu cha kuporwa mimi sikitoi, hata mkiniua. Cha kuombwa natoa, na kikiniuma niachieni maumivu yangu." Akawageukia wanawe. "Wekeni mapanga. Leteni majembe yote yaliyo stoo. Na wewe mtendaji, vua hayo mabuti, yatakuzamisha."

Yeye ndiye aliyetangulia korongoni. Alipofika kwenye mbuni wa kwanza aliweka kiganja chake juu ya shina, akasema maneno machache kwa Kimeru, akimwambia marehemu mkewe. Sitayatamka, yalikuwa yao wawili. Kisha akaukata kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kwa wa pili. Baada ya pale hakuna aliyehitaji kuamrishwa.

Sasa nikuambie tulivyofanya kazi, maana hapa ndipo moyo wangu huwa unapanda hata leo! Wanaume walipanga mstari juu ya ukingo, majembe yakawa yanashuka kwa pamoja. Wanawake tulikata migomba, tukaviringisha vigogo vyake mpaka mferejini ili kuyazuia maji yasiendelee mbele na kuyasukuma upande wa korongo. Mtu wa kwanza kuingia majini mpaka kiunoni kuvishikilia vigogo vile alikuwa mimi, bibi yako huyu, na wala sioni haya kujisifu, aliyenizuia nani? Mtendaji alikuwa ubavuni kwangu peku, suruali imekunjwa, anapokea vigogo na kunipa, na ile sauti yake kubwa sasa ilipata kazi ya maana: alikuwa anahesabu "moja, mbili, sukuma!" mlima mzima unasikia. Wana wa mzee walikuwa bega kwa bega na Anaeli. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini siku hiyo tulikuwa na vidole vya kutosha.

Ukingo ulianza kuvuja. Kisha ukafunguka kidogo, mfano wa mlango uliosahauliwa komeo. Mzee Elirehema akapiga kelele, "Tokeni!" Tukaruka kila mtu upande wake, na yale maji, yale yale yaliyotuogopesha tangu asubuhi, yakageuka. Yakaingia korongoni kwa kishindo, yakabeba mibuni, yakabeba matuta, yakabeba na buti za mtendaji alizokuwa ameziacha pembeni, yakashuka mpaka mtoni yalikotoka, na huko yakaendelea na safari yake kuelekea Nduruma. Na sisi tukakimbia kwenda konani huku tunaanguka na kuinuka.

Maji ya konani yalikuwa yanashuka. Tuliyaona kwa macho, kwanza alama ya tope, kisha mawe, kisha sakafu ya mfereji. Ukingo ulikuwa umebaki mwembamba wa kutisha, lakini umesimama. Na bondeni nyumba zote zimesimama! Anna alitoka mlangoni, akasogea uwanjani, akamnyanyua mtoto juu kwa mikono miwili ili tumwone. Mama yako, mwanangu, akilia kwa hasira ya kutolewa kwenye joto, na hatukuweza kumsikia lakini tuliona mdomo wake. Mama Anaeli, ambaye asubuhi yote hakuwa amepaza sauti, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Vikafuata vyetu. Tulicheza kwenye tope, wazee kwa vijana, mvua inanyesha na hakuna aliyejali tena. Nilimwona kaka yangu Anaeli amekaa chini analia kama mtoto, na Mzee Elirehema amesimama karibu naye, mkono wake juu ya kichwa chake.

Wiki zilizofuata gogo liliondolewa na banio likajengwa upya. Mvua zilipotulia, pembe ililia tena, safari hii mara moja, na kila nyumba ikatoka na miche ya kahawa. Tukalitengeneza upya korongo la mzee tukaacha njia ya maji katikati, na pembeni tukapanda mibuni mingi kuliko aliyokuwa nayo. Anaeli ndiye aliyepanda upya masale ya uzio, akayamwagilia mpaka yakashika. Na siku ya kumpa mtoto jina, Anna alikataa watu wengine wote, akamwomba Mzee Elirehema. Mzee akamtazama mtoto, kisha akampa nusu ya jina lake mwenyewe. Ndiyo maana mama yako anaitwa Rehema.

Haya, mwanangu, sasa nikupe lile nililokuitia. Mvua ina nguvu, na hiyo ogopa, usishindane nayo, mwombe Mungu na uwahi mapema kutoa watu bondeni. Serikali ina nguvu, iheshimu, na wewe sasa una kipande chake, kwa hiyo jifunze kusalimia kabla ya kuamuru. Misuli ina nguvu, na ninyi vijana mnayo, lakini haina macho, inakwenda itakakoelekezwa. Nguvu kubwa kuliko hizo niliiona kwa watu wawili siku ile. Mmoja alikuwa kijana shupavu aliyeweza kusema "nimekosa" mbele ya kijiji kizima. Mwingine alikuwa mzee aliyejeruhiwa, ana haki yake mkononi, na akatoa. Aombaye msamaha hajapungua, na anayesamehe hajashindwa. Wote wawili walishinda, na ushindi wao ni mama yako, anayekula chakula nyumbani kwenu mpaka leo.

Ukimkosea mtu, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje mvua ikupeleke. Ukikosewa, simama langoni kwako ukiwa tayari kuitikia, usije ukaifanya njaa yako ya heshima kuwa kaburi la watoto wa wengine. Na ukiwa mwenyekiti, zamu ya maji ya adui yako iheshimu kuliko ya rafiki yako, kwa maana rafiki atakuvumilia. Kiburi si maungwana, wazee walisema, nami naongeza kwamba kiburi hakijawahi kugeuza mto.

Sasa sogea, inamisha kichwa, usione kinyaa, mate ya bibi ni baraka. Puu! Mungu wa mama yangu akupe kinywa chepesi kusalimia na kizito kutukana. Akupe maadui wachache, na hao wachache akupe ujasiri wa kuwaendea. Akujalie mikono ya watu usiyohitaji kuilazimisha. Maji yakikujia kwa fujo, yageuke. Na mlangoni kwako, mwanangu, atakayekuja na kosa lake mikononi asikukute umelala. Inuka, nenda, na mtu wa kwanza utakayekutana naye njiani, hata akiwa yule msiyesalimiana, msalimie wewe.